SOMO LA KUMI NA NNE: MAJI HUUBEBA MWILI

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba kani ni msukumo au mvuto. Tuliona pia kuwa baadhi ya vitu huelea majini na vingine huzama. Katika somo hili tutachunguza jinsi maji yanavyousukuma mwili juu, na jinsi mtu mwenye viungo dhaifu anavyoweza kuitumia kani hiyo kufanya mazoezi.

Haja ya mazoezi

Kila mwili huhitaji mazoezi. Misuli isiyotumika hupungua na kulegea. Maungio yasiyokunjwa hukakamaa. Lakini wako watu wasioweza kukimbia wala kuruka. Mzee mwenye ugonjwa wa baridi yabisi huumwa magoti kila anapokanyaga. Mtoto aliyepooza mguu hawezi kuubebesha mguu huo mwili mzima. Maumivu na udhaifu humzuia mtu kujongea, na kutojongea huzidisha udhaifu wake. Je, anaweza kupunguziwa mzigo wa mwili wake mwenyewe?

Jaribio

Vifaa: ndoo ya maji, jiwe la ukubwa wa ngumi, kamba, rula, na ukanda mwembamba wa mpira uliokatwa katika tyubu ya baiskeli.

1. Funga jiwe kwa kamba, kisha lining'inize kwenye ukanda wa mpira.
2. Pima urefu wa ukanda. Andika.
3. Lishushe jiwe ndani ya ndoo mpaka lifunikwe na maji, bila kugusa chini.
4. Pima tena urefu wa ukanda. Andika.

Umeona nini? Baada ya jaribio usimwage maji ovyo. Mwagilia miche ya shule.

Maelezo

Jiwe lilipokuwa majini, ukanda ulipungua urefu. Jiwe lenyewe halikupungua. Maji yaliligusa pande zote na kulisukuma juu, hivyo ukanda ukabeba mzigo mdogo zaidi. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, mtaalamu wa Kigiriki aitwaye Archimedes alieleza kwamba msukumo huo ni sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando na kitu kile.

Mwili wa binadamu hufuata kanuni hiyo hiyo. Chukua mfano wa mtu mwenye uzito wa kilo 60 aliyesimama majini:

Maji yakifika kiunoni, miguu yake hubeba karibu nusu ya uzito, yaani kama kilo 30.
Maji yakifika kifuani, miguu hubeba karibu theluthi moja, yaani kama kilo 20.
Maji yakifika shingoni, miguu hubeba karibu sehemu moja ya kumi, yaani kama kilo 6.

Hii ndiyo sababu goti linalouma nchi kavu huweza kukunjwa majini kwa nafuu.

Maji yana sifa nyingine. Ni mazito kuliko hewa ya ujazo ule ule kwa takriban mara 800, kwa hiyo hukinza kila kitu kinachopita ndani yake. Ukipitisha mkono polepole, ukinzani ni mdogo. Ukiupitisha kwa haraka, ukinzani huongezeka. Basi mwogeleaji hujipimia kazi mwenyewe: aliye dhaifu huenda taratibu, na nguvu zikiongezeka huongeza mwendo.

Mfano kutoka Marekani

Mwaka 1921 Franklin Roosevelt alipooza miguu kwa ugonjwa ambao madaktari waliutambua kuwa polio. Mwaka 1924 alikwenda Warm Springs, katika jimbo la Georgia, ambako kuna chemchemi ya maji ya uvuguvugu. Huko alifanya mazoezi majini, na miguu isiyoweza kumbeba nchi kavu iliweza kujongea. Maji hayakumponya. Hata alipokuwa Rais, tangu mwaka 1933, aliendelea kutumia kiti cha magurudumu. Lakini mazoezi hayo yalimjenga mwili.

Si kila maji ni salama

Mkoa wa Dodoma uko katika nyanda kavu za kati. Mji wa Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita zipatazo 570 tu kwa mwaka, na makorongo mengi hukauka kiangazi. Mtu akiona bwawa au lambo lenye maji hutamani kuogelea. Asiingie kabla ya kufikiri.

Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957. Ugonjwa wa kichocho umeonekana miongoni mwa wakazi wa maeneo yanayolizunguka. Viini vya minyoo ya kichocho hukua ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Bwawa la Mtera, lililo katika Mto Ruaha Mkuu, lina mamba na viboko. Maji ya kufanyia mazoezi ni yale ya bwawa la kuogelea lililojengwa, yanayochujwa na kutiwa dawa ya klorini. Katika jiji la Dodoma mabwawa ya namna hii yamo katika baadhi ya hoteli.

Mambo ya kuzingatia

1. Mgonjwa amwone mganga kwanza, hasa mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa au kidonda.
2. Asiingie majini peke yake. Awepo mtu anayejua kuogelea na kuokoa.
3. Aanze kwa kutembea pale maji yanapofika kiunoni, kwa dakika chache.
4. Akisikia baridi, kizunguzungu au maumivu makali, atoke.

Mahali pasipo na bwawa salama, mgonjwa anaweza kukaa kitini na kunyoosha goti, au kulala mkekani na kutelezesha kisigino mbele na nyuma. Hapo kiti au mkeka huubeba mwili badala ya maji.

Maswali

1. Kwa nini ukanda wa mpira ulipungua urefu jiwe lilipotiwa majini?
2. Mtu mwenye uzito wa kilo 80 amesimama katika maji yanayofika kiunoni. Miguu yake hubeba kama kilo ngapi?
3. Kichocho humwingiaje mtu?
4. Jirani yako ana baridi yabisi, na karibu na kijiji kuna lambo la kunyweshea ng'ombe. Utamshauri nini? Toa sababu.