Chatu Anapogoma Kula

Siku zinapita, kuku yuko palepale kizimbani, na chatu amejikunja pembeni, hata ulimi hautoi. Jirani mmoja anasema amerogwa. Mwingine anashauri apanuliwe kinywa kwa kijiti ashindiliwe nyama. Asisikilizwe! Kijiti huchana kinywa, na nyama huweza kuingia njia ya hewa.

Katika delta ya Rufiji chatu si mgeni. Hupenda maji na matete. Mto unapofurika, kama Aprili 2024 ulipozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, nyoka nao hutafuta pakavu, na pakavu penyewe mara nyingi ni kijijini. Hapo ndipo wengine humkamata chatu wakamfungia, kabla hawajajua anaishi vipi.

Chatu hali kila siku. Akimeza mnyama mkubwa hukaa wiki kadhaa bila njaa, na mwili wake wote huingia kazini: watafiti walioandika mwaka 2005 kuhusu chatu wa Burma walikuta misuli ya moyo imeongezeka kwa takriban asilimia 40 ndani ya siku mbili baada ya kula. Kazi hiyo inahitaji joto. Nyoka aliyewekwa penye ubaridi na unyevu, hasa miezi ya kipupwe, hushindwa kusaga chakula, kikaoza tumboni, akatapika. Kumshikashika baada ya kula nako humtapisha.

Macho yakiwa na ukungu wa rangi ya maziwa, anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri, ni mkali, na hataki kula. Aachwe na maji ya kutosha.

Jike mwenye mayai ana kisa cha kushangaza zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu chatu wa Afrika Kusini ulionyesha kuwa mama hubadilika rangi kuwa mweusi, huota jua hadi mwili unakaribia nyuzi 40, kisha hurudi shimoni kuyapasha mayai joto. Hata vifaranga wakishaanguliwa hukaa nao kama wiki mbili. Muda wote huo hali. Mtu asiyejua angemhesabu mgonjwa, kumbe analea.

Wakati mwingine kosa liko kwenye chakula. Pwani ya Afrika Mashariki kuna nyoka mwembamba anayekula mayai ya ndege tu. Huyavunja kwa miiba ya uti wa shingo, kisha hutema ganda. Mpe panya mwaka mzima, atakufa na njaa huku panya wakimzunguka. Na panya hai asiachwe kizimbani na nyoka yeyote asiyekula, maana panya humtafuna nyoka.

Dalili za hatari ni nyingine: kupumua kinywa wazi, mapovu puani, kukonda hadi uti wa mgongo unachomoza, au kuinua kichwa juu na kushindwa kujigeuza akipinduliwa. Hapo anahitaji daktari wa mifugo upesi.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata wala kumfuga mnyamapori bila kibali. Aliyemkuta chatu bandani amwachie nafasi, awaondoe watoto na mbuzi, na kumwita afisa wanyamapori wa wilaya. Kama nyoka alikwishafungiwa, afisa aelezwe bila kuficha: alikamatwa wapi, alikula nini mara ya mwisho na lini, alitapika au la, na gamba la mwisho lilitoka zima au vipandevipande.