Neno «Corn» la Waingereza

Lugha ya Kiingereza ina neno fupi, lenye herufi nne tu: «corn». Mmarekani akilisema, anataja mahindi, yale yale yanayopandwa Katanga na Kivu, yanayosagwa unga wa bukari na kuchomwa juu ya makaa wakati wa mavuno. Lakini mkulima mzee wa Uingereza akilisema neno hilo hilo, mara nyingi anataja ngano. Na katika Uskoti, watu wa zamani walipolisema walitaja oti, ile nafaka ya nchi za baridi ambayo Wafransa huiita «avoine», chakula cha farasi na cha uji. Watu watatu, lugha moja, neno moja, mashamba matatu tofauti!

Nani kati yao anakosa? Hakuna hata mmoja. Ili kufahamu sababu yake, ni lazima kurudi nyuma sana, mpaka kwenye maana ya kwanza ya neno.

Hapo kale «corn» haikuwa jina la mmea. Maana yake ilikuwa punje, yaani kitu kidogo kigumu, kama punje ya mtama, ya chumvi ao ya mchanga. Wataalamu wa lugha wanaonyesha kwamba «corn» ya Kiingereza na «grain» ya Kifransa ni ndugu. Yote mawili yametoka katika neno moja la kale sana, kisha kila lugha ikalitamka kwa namna yake. Mwanafunzi anayejifunza Kifransa shuleni anamjua basi ndugu mmoja wa neno hili bila kujua.

Maana hiyo ya kale haikufa. Imejificha ndani ya maneno mengine. Magazini huuza nyama ya ngombe ya kopo, na juu ya karatasi yake pameandikwa «corned beef». Mtoto ajuaye Kiingereza kidogo anaweza kufikiri kwamba ngombe yule alilishwa mahindi, ao kwamba nyama imechanganywa na mahindi. Afungue kopo atazame: hakuna mahindi. Punje zinazotajwa ni za chumvi. Zamani, kabla ya makopo na mashine za baridi, watu wa Ulaya waliipaka nyama chumvi ya punje kubwa ili isioze. Nyama ya punje za chumvi, ndiyo maana ya jina lile.

Punje ya pilipili manga nayo huitwa «peppercorn». Waingereza wana desturi moja ya kuchekesha kidogo juu yake. Kwa sheria yao, mapatano yanataka kila upande utoe kitu. Basi mwenye nyumba akitaka kumwachia mtu nyumba karibu bure, huandika katika mapatano kwamba mpangaji atalipa kila mwaka punje moja ya pilipili. Mara nyingi hakuna anayekuja kuidai punje ile. Lakini imeandikwa, na sheria imetimizwa.

Punje ya shayiri ilitumika kupimia. Waingereza walihesabu kwamba punje tatu za shayiri, zikipangwa mstari mmoja kwa urefu, ni sawa na inchi moja, yaani sentimeta mbili na nusu na zaidi kidogo. Mpaka leo fundi wa viatu wa Uingereza akitoka namba 8 kwenda namba 9, anaongeza urefu wa punje moja ya shayiri, hata kama hajaiona shayiri maishani mwake. (Viatu vyenye namba 38, 39 ao 40 hufuata kipimo kingine.)

Kuna «corn» nyingine ambayo si ya ukoo huu hata kidogo. Ni ile ngozi ngumu inayoota juu ya kidole cha mguu kwa kubanwa na kiatu, na kumfanya mtu achechemee. Hiyo imetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya pembe, kwani ni ngumu kama pembe. Wafransa huiita «cor», na pembe huiita «corne». Maneno hayo mawili ya Kiingereza yanafanana kama watu wawili wanaoitwa Petro wasio na baba mmoja.

Turudi sasa kwenye shamba. Kutoka punje moja, neno lilipanuka likawa jina la nafaka. Lakini nafaka gani? Ile inayowalisha watu wa pahali pale kuliko zote. Watu wa Katanga wanaweza kufahamu jambo hili upesi. Mtu aliyeshinda akila ndizi na karanga mchana kutwa, lakini hakupata bukari, husema: «Sijakula.» Kwake chakula ni bukari, na vingine ni vya kuchezea meno. Vivyo hivyo Waingereza: nafaka iliyo kubwa kwao ilikuwa ngano, basi «corn» ikawa ngano. Katika Uskoti, kwenye baridi na udongo hafifu, iliyositawi ni oti, basi «corn» ikawa oti.

Hapo ndipo mfasiri anaweza kuanguka. Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 inasimulia namna watoto wa Yakobo walivyoshuka Misri kununua «corn» wakati wa njaa, wakamkuta ndugu yao Yozefu. Inasimulia vile vile namna wafuasi wa Yesu walivyopita katika mashamba ya «corn» siku ya Sabato wakachuma masuke. Mtu akifasiri kwa haraka ataandika: mahindi. Lakini ghala za Farao hazikuwa na mahindi hata punje moja. Wakati ule hakuna mtu wa Misri wala wa Palestina wala wa Kongo aliyekuwa ameyaona. Yozefu aliweka akiba ya nafaka za Misri, yaani ngano na shayiri. Nao wafuasi wa Yesu walipukusa masuke mikononi mwao. Jambo hilo lafaa kwa ngano, lakini ajaribu mtu kupukusa gunzi bichi la mahindi namna hiyo!

Kwani mahindi yalikuwa wapi? Yalikuwa ngambo ya bahari. Watu wa Mexico waliyazalisha kutoka majani ya porini, miaka kama 9,000 iliyopita, wakichagua mbegu nzuri kila mwaka mpaka gunzi dogo kama kidole likawa gunzi kubwa. Kristofa Kolombo alipofika katika visiva vya upande ule mwaka 1492, wenyeji waliyaita kwa jina ambalo Wahispania walilisikia kama «maíz». Kutoka hapo Wafransa wakapata «maïs». Baadaye merikebu zikayapeleka pande zote za dunia.

Kila taifa likampa mgeni huyo jina, na mara nyingi jina la pahali ambapo walifikiri ametoka. Wataliani wakayaita nafaka ya Waturuki. Katika ufalme wa Kongo watu wakayaita nafaka ya Ureno, kwa sababu Wareno ndio walioyaleta. Jina hilo limeandikwa katika kitabu kilichochapwa Roma mwaka 1591. Waswahili wakayaita mahindi, kama kwamba yametoka Uhindi. Waingereza waliohamia Amerika waliona wenyeji, ambao waliwaita Wahindi kwa makosa ya Kolombo, wakilima nafaka hiyo. Wakaiita «Indian corn», yaani nafaka ya Wahindi. Miaka ikapita. Nafaka hiyo ikawa ndiyo kubwa kuliko zote katika nchi yao mpya, wakaona kazi kutaja maneno mawili, wakaacha la kwanza. Ndiyo sababu «corn» ya Marekani ni mahindi. Leo nchi hiyo huvuna zaidi ya tani milioni 300 za mahindi kwa mwaka, ingawa sehemu kubwa huliwa na ngombe, nguruwe na kuku, ao hugeuzwa mafuta ya motokari.

Maana hizi mbili, ya Ulaya na ya Marekani, zilikutana kwa uchungu katika nchi ya Ireland, iliyotawaliwa wakati ule na Uingereza. Mwaka 1841 Ireland ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Maskini wengi walikula viazi vya kizungu asubuhi, mchana na jioni. Mashamba yalitoa vile vile ngano, shayiri na oti, lakini nafaka hizo hawakuzila: waliziuza ili walipe kodi kwa wenye ardhi. Mwaka 1845 ugonjwa kama wa ukungu uliingia katika viazi, vikaoza na kunuka. Mwaka 1846 ugonjwa ukarudi kwa nguvu zaidi.

Mwezi wa Novemba 1845 Robert Peel, waziri mkuu wa Uingereza, aliagiza kwa siri mahindi ya Marekani kwa feza za serikali, pauni 100,000. Alichagua mahindi kwa sababu wafanyabiashara wa nchi yake karibu hawakuyauza, na serikali haikutaka kuharibu biashara yao. Mwanzoni mwa mwaka 1846 merikebu zikafika katika bandari ya Cork, na unga ukauzwa peni moja kwa ratili. Wakati huo huo, wakubwa walikuwa wakibishana Bungeni, London, juu ya sheria zilizoitwa «Corn Laws», zilizowekwa mwaka 1815 ili kuzuia ngano rahisi ya nchi za nje. Mwezi wa Juni 1846 Bunge liliamua kuzifuta.

Basi anayesoma habari za miaka ile hukuta jambo la kustaajabisha. Merikebu zilitoka Ireland zimejaa «corn». Merikebu nyingine ziliingia Ireland zimejaa «corn». Na katikati watu walikufa kwa njaa. Asiyejua maana mbili za neno atafikiri mwandishi amechanganya habari. Hakuchanganya. Iliyotoka ilikuwa oti, ngano na shayiri, vyakula ambavyo watu wa pale walivijua na kuvilima kwa mikono yao. Iliyoingia ilikuwa mahindi, ambayo wengi wao hawakuyajua.

Punje zile zilikuwa ngumu kama vijiwe, na vinu vyao vilizoea ngano na oti. Unga ukatoka na vipande, watu wakaupika kidogo tu, wakaumwa vibaya na tumbo, hasa watoto waliokuwa hawakula siku nyingi. Kwa sababu ya maumivu hayo na ya rangi ya manjano, wakayapa mahindi jina la dhihaka: «kiberiti cha Peel». Kiberiti hapa si kijiti cha kuwashia moto, ni ile dawa ya manjano inayowaka na kunuka. Hata Kiswahili kina maneno yake ya namna hii. Mama wa Katanga angaliwaonyesha kwa muda mfupi jinsi ya kusaga, kuchekecha na kusonga mpaka unga uive. Lakini Katanga ilikuwa mbali.

Njaa ilipozidi, watu hawakudharau tena unga ule. Mpaka mwaka 1852 watu karibu milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na magonjwa. Zaidi ya milioni moja walikuwa wameihama nchi yao, na wengi wao walikwenda Marekani, ambako watoto wao walikua wakisema «corn» bila kufikiri ngano wala oti.

Maulizo

1. Maana ya kwanza ya neno «corn» ilikuwa nini? Taja maneno mawili ambamo maana hiyo imebaki.
2. Kwa nini haifai kusema kwamba Yozefu aliweka mahindi katika ghala za Misri?
3. Nafaka gani ilitoka Ireland wakati wa njaa, na nafaka gani iliingia?
4. Watu wa kwenu huyaitaje mahindi katika lugha ya nyumbani? Waulize wazee kama jina hilo lina maana nyingine.
5. Tafuta maana mbili za neno «ngano» katika Kiswahili, utunge sentensi moja kwa kila maana.