Ubunifu wa Matangazo na Afya ya Jamii: Mafunzo ya Ngamia na Dereva wa Lori

Elimu ya afya hushindana na matangazo ya biashara katika sikio moja. Mtu aliyeelezwa kliniki madhara ya tumbaku au pombe hukutana njiani na bango, wimbo au mchekeshaji anayemvuta kwenye bidhaa hizo hizo. Makala haya yanaeleza kwa nini matangazo yanayotumia burudani huweza kubadili tabia, na jinsi mtoa huduma na mgonjwa wanavyoweza kuitumia nguvu hiyo au kujikinga nayo.

Katuni iliyouza sigara

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya R.J. Reynolds ilianza kutangaza sigara za Camel nchini Marekani kwa katuni ya ngamia aitwaye Joe Camel, mtanashati mwenye miwani ya jua. Mwaka 1991 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka 3 hadi 6 walitakiwa kuoanisha nembo na bidhaa zake. Miongoni mwa wenye miaka 6, takribani asilimia 91 waliweza kumhusisha ngamia huyo na sigara, kiwango kilichokaribiana na cha waliotambua nembo ya idhaa ya televisheni ya Disney. Kampuni ilikana kuwalenga watoto, lakini baada ya malalamiko na mashauri mahakamani ilimwondoa ngamia huyo mwaka 1997.

Watoto hao hawakusoma hoja yoyote kuhusu sigara, na wengi wao hata kusoma hawakujua. Walichokipata ni mazoea, na kitu kilichozoeleka hakitishi. Ndiyo maana onyo linalotolewa ukubwani mara nyingi hukuta nafasi imekwisha kukaliwa.

Tamthilia iliyokinga maambukizi

Sanaa hiyo hiyo imewahi kutumika kwa manufaa hapa Tanzania. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza uitwao Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na kinga dhidi ya VVU. Mhusika wake maarufu, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori mwenye wapenzi wengi njiani. Wasikilizaji walimcheka, wakamfuatilia, na hatimaye wakasikia akiugua na kufa kwa UKIMWI. Mkewe, Tunu, alijifunza hatua kwa hatua kujitegemea.

Kilichoupa mchezo huu uzito wa kisayansi ni namna ulivyopimwa. Hadi mwaka 1995 mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vingine, hivyo eneo hilo likawa kundi linganishi. Watafiti waliona kwamba katika maeneo yaliyousikia mchezo, watu walipunguza idadi ya wapenzi na matumizi ya kondomu yaliongezeka zaidi kuliko Dodoma. Mchezo ulipoanza kusikika Dodoma, mabadiliko ya aina hiyo yalionekana huko pia.

Kwa nini hadithi hufaulu

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba binadamu hujifunza mengi kwa kutazama yanayowapata wengine. Katika miaka ya 1970 Miguel Sabido wa Mexico aliitumia nadharia hiyo katika tamthilia za televisheni, akiweka wahusika wa aina tatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na anayeyumba katikati kabla ya kubadilika. Msikilizaji hujiona zaidi katika huyu wa tatu.

Hadithi pia huzaa mazungumzo. Mke na mume wanaoona haya kuzungumzia kondomu zao wanaweza kuzungumzia tabia za Mkwaju, na kupitia kwake wakafika kwao wenyewe. Lugha nayo husaidia: mwanamuziki Remmy Ongala aliimba Mambo kwa Soksi, akitumia soksi kumaanisha kondomu, na jambo zito likapata jina ambalo watu waliweza kulitamka.

Mipaka yake

Tangazo kuchekesha au kusambaa si ushahidi kwamba limebadili tabia. Kampeni ipimwe kwa wanaofika kupima, wanaoendelea na dawa na wanaoacha hatari. Aidha, wito usio na huduma huvunja moyo: anayehamasishwa kupima akakuta vitendanishi vimekwisha huenda asirudi tena. Vitisho navyo vina gharama. Picha za mafuvu zilizoambatanishwa na UKIMWI katika nchi nyingi zilichangia unyanyapaa, na mwenye hofu ya kunyanyapaliwa huchelewa kutafuta tiba.

Kwa mtoa huduma ya afya

Kabla ya kuandaa ujumbe, sikiliza maneno ambayo wagonjwa wako huyatumia. Omba jambo moja linalotendeka, kwa mfano kuja na mwenzi kupima, badala ya mafundisho kumi kwa pamoja. Jaribu ujumbe kwa watu wachache, uwaulize wameelewa nini, kisha urekebishe. Hakikisha huduma inayotangazwa ipo.

Kwa mgonjwa na familia

Tangazo linapokuvutia, jiulize maswali matatu: Nani amelilipia? Linanitaka nifanye nini? Limenyamazia nini? Umaarufu wa msanii anayesifu bidhaa si ushahidi wa kitabibu. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au VVU asiache dawa kwa sababu ya ushuhuda wa mtu mashuhuri. Athari ya kuziacha inaweza kukaa kimya kwa muda, kisha ikajitokeza kama kiharusi, figo kushindwa kufanya kazi, au kinga ya mwili kuporomoka. Njoo na tangazo hilo kliniki ulijadili na anayekuhudumia. Naye alipokee swali bila kejeli, kwa kuwa mgonjwa aliyekejeliwa leo hatauliza kesho, na jibu atalipata kwa anayeuza.