Paukwa ya Mfanya Mazingaombwe: Siri, Utendaji na Ufichuzi katika Runinga

Utangulizi

Mnamo Novemba 1997, shirika la runinga la Fox nchini Marekani lilianza kuonyesha vipindi vya mtu aliyejifunika barakoa. Mtu huyo alifanya mazingaombwe mashuhuri ya majukwaani, kisha akayarudia huku kamera ikipelekwa nyuma ya meza na ndani ya masanduku ili mtazamaji aione siri. Mwaka 1998 alivua barakoa, ikajulikana kuwa ni Val Valentino, mwanafani halisi. Wenzake walimshutumu kwa kuuza kunga za usanii wao. Yeye alijitetea kuwa siri zile zilikuwa zimechakaa, kwamba kufichuliwa kwake kungewalazimu wasanii kubuni mapya, na kwamba watoto wangevutiwa na fani hiyo.

Mjadala huo unamhusu mwanafunzi wa fasihi kuliko inavyodhaniwa. Unauliza: uzuri wa kazi ya sanaa umo katika kile kilichofichwa au katika namna ya kukificha? Je, anayefunua huua? Makala haya yanayajibu maswali hayo kwa kuchunguza msimamo wa Teller, msanii wa Marekani ambaye ameshirikiana na Penn Jillette tangu 1975, na ambaye aliwahi kuwa mwalimu wa Kilatini katika shule ya upili. Msimamo wake utapimwa kwa vigezo vya fasihi simulizi. Hoja yetu ni kuwa ufichuzi hauna hukumu moja. Hukumu yake hutegemea kama fanani alifungua kwa “paukwa” au hakufungua.

Istilahi

Kiingereza hutumia neno lile lile kwa mambo mawili: michezo ya kuyapumbaza macho jukwaani na nguvu za giza zinazoaminiwa kudhuru au kuponya. Kiswahili kimeyatenga. Kuna mazingaombwe na kiinimacho kwa upande mmoja, na uchawi na uganga kwa upande mwingine. Neno kiinimacho lenyewe linakiri kuwa jambo linatendeka machoni pa mtazamaji, si katika ulimwengu halisi. Kulitamka ni kukubali kwamba sungura aliyetoka kofiani alikuwa amefichwa mahali fulani. Hata hivyo, katika maisha ya kila siku mpaka huu huvukwa mara nyingi, na tutaona baadaye kwamba kuvukwa kwake kumegharimu roho za watu.

Siri si kazi ya sanaa

Historia ya sheria inatusaidia kupambanua siri na kazi. Mwaka 1921 P. T. Selbit aliwaonyesha watazamaji wa London mazingaombwe ya kumkata mwanamke kwa msumeno. Mwaka huo huo Horace Goldin alikuwa na toleo lake nchini Marekani, na mwaka 1923 alipewa hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi. Lakini masharti ya hataza ni kwamba mvumbuzi aueleze uvumbuzi wake hadharani. Goldin aliilinda siri yake kwa kuiandika mahali ambapo yeyote angeweza kuisoma! Mwaka 1933 kampuni ya tumbaku ya R. J. Reynolds ilipoanza kueleza siri za mazingaombwe katika matangazo ya sigara za Camel, Goldin alishtaki. Mwaka 1938 mahakama mjini New York ilimkatalia, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba hataza ilikwisha kuifichua siri.

Linganisha na kesi ya Teller. Katika mchezo wake uitwao “Shadows”, yaani vivuli, kuna ua la waridi lililowekwa ndani ya chombo, na kivuli chake kimeangukia karatasi nyeupe. Teller anakikata kivuli kwa kisu. Na pale kisu kinapopita kivulini, majani na petali za ua halisi zinadondoka. Mwaka 1983 aliusajili mchezo huo kama uigizaji bubu, yaani kama kazi ya tamthilia. Mwaka 2012 msanii mmoja wa Ulaya aliweka kwenye intaneti video ya mchezo unaofanana nao, akitaka kuiuza siri yake. Mwaka 2014 mahakama ya shirikisho huko Nevada iliamua kuwa kiinimacho chenyewe hakilindwi na hakimiliki, ila tamthilia inalindwa hata kama ndani yake mna kiinimacho. Mshtakiwa alidai kuwa mbinu yake ilikuwa tofauti. Mahakama ilijibu kuwa hilo si hoja, kwa kuwa mbinu haionekani na hadhira.

Uamuzi huo unastahili kusomwa na kila anayefundisha fasihi. Goldin alidai siri, akashindwa. Teller alidai utendaji, akashinda. Mahakama iliona lile ambalo wataalamu wa fasihi simulizi wamelisisitiza kwa muda mrefu: kazi hukaa katika utendaji, mbele ya hadhira, katika ishara, mpangilio na muda wa kunyamaza.

Msanii anayejifichua

Hapa ndipo msimamo wa Teller unapovutia, kwani yeye mwenyewe ni mfichuzi. Pamoja na Penn hufanya mchezo wa kale wa vikombe na vijipira, kisha wanaurudia kwa vikombe vya plastiki vinavyopenya nuru. Kila kijipira kinaonekana kikiingizwa, lakini jicho halifuati upesi wa mikono na akili inabaki nyuma. Katika mchezo mwingine, Penn anaiambia hadhira mapema kwamba itakayoyaona yanafanywa kwa uzi tu. Kisha Teller anaingia na mpira mwekundu unaomfuata kama mbwa aliyefunzwa na kuruka ndani ya pete. Hadhira imepewa jibu, na bado inashangaa.

Katika makala aliyoyaandika mwaka 2012 kwenye jarida la Smithsonian, Teller alieleza kuwa mtazamaji hudanganyika pale siri inapokuwa imegharimu muda, fedha na mazoezi kuliko ambavyo mtu mwenye akili timamu angekubali kuvitumia kwa jambo dogo hivyo. Alitoa mfano wa mende 500 hai ambao yeye na Penn waliwatoa kofiani katika kipindi cha runinga cha David Letterman. Maandalizi yalichukua wiki kadhaa, na mtaalamu wa wadudu aliajiriwa kuwafunza namna ya kuwashika. Anayeisoma siri hiyo hamdharau msanii, bali humheshimu zaidi.

Jambo hili si geni kwetu. Mtegaji anaposema “Kitendawili!”, tukaitika “Tega!”, akatega “Nyumba yangu haina mlango”, nani hajui kuwa jibu ni yai? Tumelijua tangu utotoni. Hata hivyo kitendawili hicho kinaendelea kutegwa, kwa sababu raha yake ni ile safari ya kutoka kwenye nyumba hadi kwenye yai, pamoja na mzaha wa kudai mji. Jibu bila mtego ni yai tu.

Hilo ndilo kosa la vipindi vya 1997. Havikukosea kwa kusema kweli. Vilikosea kwa kutoa jibu na kuutupa mtego. Kinyume chake ni kipindi cha Penn na Teller kilichoanza Uingereza mwaka 2011, ambamo wasanii wengine hujaribu kuwashinda. Wakiigundua mbinu, Penn huongea kwa mafumbo, akitumia maneno ambayo msanii aliyesimama mbele yake huyaelewa ilhali mamilioni wanaotazama hayawafungulii chochote. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mhakiki amethibitisha kuwa ameelewa, na kazi imebaki nzima.

Asiyesema paukwa

Je, basi siri ziachwe daima? La. Mtambaji anapotamka “Paukwa!”, na hadhira ikajibu “Pakawa!”, mapatano yamefungwa: yatakayofuata ni ya kubuni, na pande zote mbili zinajua. Jukwaa, pazia na tiketi ni paukwa ya mfanya mazingaombwe. Tunamlipa ili atudanganye, naye hutudanganya kwa uaminifu. Lakini kuna wanaotumia mbinu zile zile bila kufungua kwa paukwa. Hao wameyavunja mapatano wenyewe, na siri yao haina hadhi ya kuheshimiwa.

Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu, The Discoverie of Witchcraft, ambamo alieleza jinsi viinimacho vya wakati wake vilivyofanywa. Hakufanya hivyo kwa kuwachukia wasanii. Alitaka kuonyesha kuwa vikongwe maskini waliokuwa wakishtakiwa kwa uchawi hawakuwa na nguvu walizosingiziwa. Karne nne baadaye, mwaka 1986, James Randi, naye mfanya mazingaombwe, alionyesha katika runinga ya Marekani kuwa mhubiri Peter Popoff hakufunuliwa na Mungu majina na maradhi ya waumini. Mkewe alikuwa akimsomea kwa redio kupitia kifaa kidogo kilichotiwa sikioni. Nchini Kenya, mwaka 2014, uchunguzi wa runinga ulionyesha jinsi pamanganeti ya potasiamu ilivyotumiwa kuyageuza maji kuwa mekundu, nao waumini wakaaminishwa kuwa ni muujiza.

Tusidhani kwamba haya ni ya kuchekesha tu. Mnamo Mei 2008, katika eneo la Kisii, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa hadi kufa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Jamii ambayo haijafunzwa kutofautisha kiinimacho na uchawi inaweza kumpa fedha tapeli asubuhi na kumtia moto bibi kizee jioni. Mahali kama hapo ufichuzi ni wajibu, na runinga inayofichua inatenda kazi ya Scot.

Funzo kwa mhakiki

Sisi wahakiki pia ni wafichuzi. Tunapoeleza jazanda katika shairi au taharuki katika riwaya, tunapeleka kamera nyuma ya meza. Swali ni kama tunafanya hivyo kwa vikombe vinavyopenya nuru au kwa barakoa. Mwanafunzi anayeanza na mwongozo kabla ya kuigusa tamthilia iliyoteuliwa kutahiniwa amepewa yai pasi na nyumba. Ataorodhesha dhamira, maudhui na tamathali, na huenda akapita mtihani, lakini hajawahi kushangazwa. Mwalimu anayefundisha vizuri humwacha kwanza ashangae, kisha humwonyesha uzi, na baada ya kumwonyesha humrudisha kwenye kazi ili aone kuwa mshangao haujaondoka. Kazi ambayo mshangao wake huisha mara tu uzi unapoonekana pengine haikuwa na mengi zaidi ya uzi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa ufichuzi wa mazingaombwe hauwezi kulaaniwa wala kusifiwa kwa jumla. Siri peke yake si sanaa, kama Goldin alivyojifunza kwa hasara. Utendaji ndio kazi, na Teller amethibitisha kuwa waweza kustahimili nuru, mradi anayefunua anaujali mtego kama anavyolijali jibu. Kwa asiyefungua kwa paukwa, akawauzia wagonjwa na maskini kiinimacho kwa jina la muujiza, hakuna kunga ya kulindwa. Kabla ya kumhukumu mfichuzi yeyote, awe wa runinga au wa darasani, na tuulize kwanza: aliyefichuliwa alitutegea kitendawili, au alituibia?