Akiba ya Nyumbani Wakati wa Uhaba wa Fedha

Kazi zipunguapo Nairobi na Mombasa, fedha zitumwazo vijijini hupungua pia. Katika Kyuso, kaskazini ya Kitui, shida hiyo huzidi mvua zikikosekana, kama ilivyokuwa tangu mwisho wa 2020, misimu mitano ilipopita bila mvua ya kutosha. Basi yampasa kila mwenye nyumba kujiweka tayari mapema.

Kwanza, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi. Hapo na apande mtama, mawele, kunde na ndengu, mimea ivumiliayo ukame kuliko mahindi.

Pili, asiuze mavuno yote siku za kuvuna, bei ikiwa chini. Atenge kwanza chakula na mbegu, ndipo auze ziada.

Tatu, nafaka ikaushwe sawasawa, na magunia yawekwe juu ya mbao, si juu ya ardhi. Akiba haiozi, walisema wazee. Lakini mahindi yenye unyevu huota kuvu wenye sumu, wala kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa.

Nne, mbuzi wachache wauzwe wangali wanono, kabla ukame haujawakondesha.

Mwisho, ukuta ukijengwa katika mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake na kuhifadhi maji, jua lisiyakaushe. Saruji hununuliwa, lakini mawe, mchanga na mikono ya mwethya ni mali ya wenyeji wenyewe.