Bakteria Rafiki kwa Mkulima wa Uyoga

Mkulima wa nyanya akiona ukungu hukimbilia dawa ya kuua kuvu. Mkulima wa uyoga hawezi kufanya hivyo kirahisi, kwa sababu zao lake lenyewe ni kuvu, na dawa inayoua ukungu wa kijani (Trichoderma) inaweza kuudhuru uyoga pia.

Ndiyo maana Ufaransa, kwa wakulima wa uyoga mweupe wa batani, hutumika bakteria aitwaye Bacillus velezensis, aina ya QST 713, aliyepatikana kwenye udongo wa bustani ya mapichi huko California. Hujijengea utando mwembamba ndani ya mboji na kutoa kemikali zinazokwamisha ukungu. Ila sharti awahi. Trichoderma huanza kwa weupe unaofanana sana na utando wa uyoga wenyewe, kisha hugeuka kijani. Ukifikia kijani, hakuna bakteria wa kukuokoa: toa mfuko wenye ukungu huo polepole bila kuutikisa, maana ule unga wa kijani ndio mbegu zake.

Mkulima wa mamama (uyoga wa oyster), anayepanda kwenye mabua, anaye mlinzi wa aina hii bure, na wengi humfukuza bila kujua. Mabua yakipashwa mvuke wa nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi kwa saa kadhaa, ukungu mwingi hufa, lakini jamaa wa Bacillus husalia kwa kuwa vijimbegu vyao huvumilia joto. Ukiyapasha joto kali hadi kuua kila kitu, unabaki na nyumba isiyo na mwenyewe. Ukungu wa kwanza kuingia ndio utakaoitawala. Mabua yaliyosafishwa hivyo yanahitaji usafi wa maabara wakati wa kupanda mbegu. Pumba unazochanganya na mabua nazo zisizidi, ukungu huzipenda.

Madoa ya kahawia yenye utelezi juu ya kofia ni kazi ya bakteria mbaya, Pseudomonas tolaasii. Hapa pia ndugu yake asiye na madhara, Pseudomonas fluorescens, amewahi kutumika kumnyima nafasi na chakula. Lakini kwa maoni yangu, silaha ya kwanza ni hewa: baada ya kumwagilia, kofia zikauke ndani ya saa mbili au tatu.

Ukinunua dawa ya bakteria, hakikisha imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu (TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya), na kwamba lebo inataja uyoga. Usiichanganye na maji yenye klorini.