Ukiugua Ugenini, Mwambie Daktari Ulikotoka

Homa ilinianza siku ya kumi na mbili tangu nishuke kwenye ndege Guangzhou, kusini mwa China. Nilidhani ni uchovu wa safari na baridi ya kiyoyozi cha bweni. Nikameza Panadol, nikajifunika blanketi, nikalala. Kesho yake jasho likanitoka, homa ikashuka, nikaenda darasani. Usiku wa siku ya tatu meno yaligongana hadi mwenzangu wa chumbani akaamka. Hospitalini niliulizwa kama nakohoa, kama koo linauma, kama nimekula chakula kibichi. Nilijibu yote. Hakuna aliyeniuliza nimetoka nchi gani na lini, wala mimi sikusema. Nikapewa dawa za mafua na kuambiwa ninywe maji ya moto kwa wingi.

Siku ya tano alikuja kunijulia hali kaka mmoja Mtanzania aliyetutangulia chuoni. Aliuliza swali moja tu: "Kabla ya kusafiri ulilala wapi, mdogo wangu?" Nilikuwa nimekwenda Muheza kumuaga bibi, nikalala siku nne bila chandarua. Akachukua karatasi, akaandika kwa Kichina mistari mitatu: ametoka Tanzania wiki mbili zilizopita, kwao kuna malaria, tunaomba apimwe damu. Tulirudi hospitali ileile na karatasi ile. Jioni hiyo nilikuwa wodini, dawa ya malaria ikiingia kwenye mshipa.

Yule daktari wa kwanza simlaumu. Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa nchi isiyo na malaria mwaka 2021, na daktari wa huko anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na mgonjwa wa malaria. Habari aliyoihitaji nilikuwa nayo mimi, nami nilinyamaza.

Nyumbani ukiumwa huwi peke yako katika kujieleza. Mama anakumbuka ulivyovimba ulipochomwa penisilini ukiwa mdogo. Muuza duka la dawa anajua ukoo wenu una presha. Shangazi akikutazama macho tu anajua kuwa leo si uchovu. Ukienda kusoma India, kufanya kazi Muscat au Dubai, kufuata mzigo Guangzhou au kuishi na ndugu Ulaya, watu hao wote hubaki nyuma. Kumbukumbu yao lazima uibebe mwenyewe. Haya ndiyo ya kubeba, na ya kufanya siku mwili utakapogoma.

Karatasi moja ndani ya pasipoti

Andika karatasi moja, uikunje ndani ya pasipoti, na picha yake uihifadhi kwenye simu. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti na tarehe ya kuzaliwa. Taja magonjwa ya kudumu: presha, kisukari, pumu, kifafa, selimundu. Taja dawa unazotumia, kiasi na saa za kumeza. Taja dawa au chakula kinachokudhuru, operesheni ulizowahi kufanyiwa na chanjo ulizopata. Mwisho weka namba mbili za simu: ya mtu wa nyumbani na ya mtu aliye katika nchi unayokwenda.

Itafsiri karatasi hiyo kwa lugha ya huko kabla hujaondoka, ukiwa mzima na una muda. Mgonjwa mwenye homa ya nyuzi 40 hawezi kutafuta maneno kwenye simu.

Dawa ziandike kwa jina la kitaalamu, kwa kuwa majina ya kibiashara hubadilika kila nchi. Panadol ni jina la biashara. Dawa yenyewe ni parasetamoli. Marekani dawa hiyohiyo huitwa asetaminofeni na mara nyingi huuzwa kwa jina la Tylenol. Salbutamoli ya wenye pumu huko huitwa albuteroli. Asiyejua hayo anaweza kumeza parasetamoli ya Panadol, kisha akaongeza dawa ya mafua yenye parasetamoli ndani yake, akaliumiza ini bila kujua. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500.

Dawa za kubeba, na za kuulizia kwanza

Mwenye dawa za kila siku abebe za kumtosha hadi atakapokuwa na daktari huko, pamoja na akiba kidogo. Zikae kwenye pakiti zake halisi, pamoja na cheti na barua ya daktari, ndani ya begi la mkononi. Sanduku hupotea. Insulini usiiweke kwenye mzigo wa chini ya ndege, inaweza kuganda na kuharibika. Muulize daktari wako pia jinsi ya kubadilisha saa za dawa. China, kwa mfano, wametangulia saa za Afrika Mashariki kwa saa 5.

Anayetumia ARV azungumze na wahudumu wa kliniki yake ya VVU (CTC) mapema. Waambie unakwenda nchi gani na kwa muda gani, ili wakupangie dawa na kukueleza masharti ya nchi hiyo, maana zipo zinazowapima wageni na kuwarudisha. Kukatisha dawa kimyakimya ugenini ni hatari kubwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Zipo pia dawa ambazo hapa huzionei hatari lakini kule zinaweza kukufikisha polisi. Umoja wa Falme za Kiarabu hudhibiti vikali kodeini, iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi na maumivu, na tramadoli. Anayezihitaji huomba kibali kabla ya kusafiri. Dawa ya unga iliyofungwa kwenye nailoni, hata kama ni mwarobaini tu aliokusagia bibi, haina jina, na afisa wa forodha hana namna ya kujua ni nini. Iache nyumbani.

Homa: usikae nayo

Ukitoka Afrika Mashariki au Kongo, homa yoyote katika miezi ya kwanza ugenini ihesabu kuwa malaria mpaka damu ipimwe. Vimelea vilivyoenea kwetu kwa kawaida huonyesha dalili kati ya siku ya 7 na ya 30 baada ya kuumwa na mbu. Aina nyingine hujificha kwenye ini na kuibuka miezi kadhaa baadaye. Kwa hiyo sentensi ya kwanza mbele ya daktari iwe hii: "Nimetoka nchi fulani, tarehe fulani, na kwetu kuna malaria." Iseme hata kama hukuulizwa. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, omba kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24.

Wengi wetu husafiri na pakiti ya dawa mseto ya malaria. Si vibaya kuwa nayo, lakini isichukue nafasi ya kipimo. Na ukishaanza dozi, imalize: mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uipokee vizuri. Anayemeza siku moja akapata nafuu na kuacha huwa amevipunguza vimelea tu, hajavimaliza.

Upande wa pili, magonjwa ya kule nayo yanakungoja. India na nchi za kusini mashariki mwa Asia zina dengi, hasa msimu wa mvua: homa kali ya ghafla, macho kuuma kwa nyuma, viungo kama vimepondwa. Hapo tumia parasetamoli peke yake. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu. Na jihadhari zaidi homa inaposhuka. Watu wengi hufurahi siku hiyo, kumbe ndipo dengi kali hujitokeza: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoa damu, mwili kukosa utulivu. Ukiona hayo, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kwa ugonjwa wowote, dalili hizi hazisubiri asubuhi: kuchanganyikiwa, degedege, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, shingo kukakamaa, kutapika kila unachomeza, mkojo mweusi au kukosa mkojo, macho ya njano, mdomo kwenda upande na mkono kulegea. Hapo ita gari la wagonjwa. Andika namba hizi kwenye karatasi yako: China ni 120, India 112 au 108, nchi za Umoja wa Ulaya 112, Uingereza 999, Marekani 911, Oman 9999, Falme za Kiarabu 998, Saudi Arabia 997.

Tumbo na joto

Kuharisha huwapata wasafiri wengi wiki za kwanza. Kinachoua ni kuishiwa maji. Beba pakiti chache za ORS na uchanganye kama pakiti inavyoelekeza. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vikiwa sawa na ukingo, visifurike. Kunywa kidogo kidogo, hata kama unatapika. Kukiwa na damu kwenye choo au homa kali, nenda ukapimwe. Usinunue antibayotiki kwa kubahatisha.

Kwa walio Ghuba, joto ni ugonjwa unaojitegemea. Miezi ya kiangazi joto hupita nyuzi 45, na serikali za huko zimeweka saa za mchana ambazo kazi za juani ni marufuku. Falme za Kiarabu ni saa sita na nusu hadi saa tisa alasiri, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15. Oman ni saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Ni haki yako, na ni kinga yako. Mwenzako akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuanguka, mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji, mpepee, na mtu mwingine apige simu ya dharura. Usimnyweshe asiyejitambua.

Mlango wa hospitali una bei

Kila nchi ina desturi yake, na ni vizuri kuijua kabla ya kuumwa. China hospitali nyingi hukutaka ujiandikishe kwanza na ulipie kila hatua kabla ya kuhudumiwa: kumwona daktari, kipimo, dawa. India hospitali binafsi mara nyingi huomba amana kabla ya kulazwa. Uingereza mwanafunzi huwa amelipia huduma za afya pamoja na viza, pauni 776 kwa mwaka, kwa hiyo ajiandikishe kwa daktari wa mtaa wake wiki ya kwanza. Na kwa ushauri usio wa dharura hupiga 111. Marekani sheria huitaka hospitali yenye idara ya dharura impime kila anayefika na kumtuliza hali yake hata kama hana senti, lakini bili itamfuata.

Anayeomba viza ya muda mfupi ya Schengen hulazimika kuwa na bima isiyopungua yuro 30,000. Kwa bima yoyote, uliza mambo matatu kabla ya kulipa. Je, wanailipa hospitali moja kwa moja, au unalipa mwenyewe wakurudishie? Je, wanagharamia ugonjwa uliokuwa nao kabla? Je, watamsafirisha mgonjwa, au mwili wa marehemu, hadi nyumbani? Swali la tatu ni zito kulitamka. Lakini sote tumewahi kuona kundi la WhatsApp likichangishana usiku na mchana ili kumrudisha mtoto wa watu, na mzazi akingoja wiki tatu apate kuzika.

Usiwafiche wa nyumbani

Nilipokuwa nimelala bwenini siku zile tano, mama alipiga simu mara mbili. Mara zote nilimwambia, "Niko salama, mama." Nilidhani namwepusha na wasiwasi. Alipojua ukweli alilia, kisha akasema angenikumbusha Muheza siku ya kwanza.

Chagua mtu mmoja nyumbani utakayemweleza ukweli hata ukiwa mbaya, na mtu mmoja mahali ulipo atakayegonga mlango asipokuona kwa siku moja. Jumuiya za wanafunzi, msikiti, kanisa, wenzako wa kazini: jitambulishe kwao mapema. Jiandikishe pia ubalozini. Na ugonjwa wa moyo mzito usiudharau. Ukikosa usingizi kwa wiki, chakula kikakosa ladha, ukaanza kuona afadhali usiwepo, huo ni ugonjwa kama malaria na una matibabu yake. Vyuo vingi vina mshauri, mwone.

Ukirudi, sema ulikokuwa

Kinga tunayoijenga dhidi ya malaria kwa kuumwa mara kwa mara hupungua tukiishi mbali. Aliyekaa Ulaya miaka minne akarudi Desemba kula sikukuu Tanga au Kigoma, akalala bila chandarua kwa kujiona mwenyeji, anaweza kuugua vibaya kuliko ndugu zake aliowaacha. Alale ndani ya chandarua na amuulize daktari kuhusu dawa za kinga kabla hajapanda ndege. Akipata homa, huku au akisharudi kule, aseme alikopita.

Siku hizi vijana wengi wa mtaani kwetu wanakwenda kusoma nje, na mara nyingi huwa nawasindikiza uwanja wa ndege. Nauliza pasipoti, nauliza tiketi, kisha nauliza karatasi. Asiye nayo tunakaa pembeni, natoa kalamu, tunaiandika hapohapo kabla hajaingia ndani.